Vitalu vya kando ya barabara Tanga: miche ya kuhimili jua, na ile ya waja leo waondoka leo

Ukitaka hukumu kabla ya maelezo, ni hii: vitalu vya maua vya kando ya barabara zinazoingia mjini Tanga vina miche mizuri kwa tuta la ukutani linalopigwa na jua kutwa, bei zake zinazungumzika, na wenye navyo wanajua kuotesha. Kasoro yao ni moja, na ni kubwa. Mche unaosifiwa kwamba haufi huuzwa ukiwa umelelewa kimayai: umekaa chini ya neti, umemwagiwa asubuhi na jioni, mizizi yake haijawahi kutafuta maji. Ukiutoa hapo Januari na kuupanda siku hiyohiyo mbele ya ukuta mweupe, majani yanaungua kabla wiki haijaisha, na muuzaji atakuambia hukuumwagia vya kutosha.

Hapa hatuzungumzii kitalu kimoja. Ni aina nzima ya biashara hii: viriba vyeusi vimepangwa chini ya mwembe au neti, pipa la maji pembeni, samadi imejazwa kwenye viroba, na kijana mmoja mwenye keni ya kumwagilia. Kwa wingi wa aina za mimea, vinastahili sifa. Kwa afya ya miche, vizuri. Kwa udongo wa ndani ya kiriba, wastani. Kwa ushauri wa jinsi ya kupanda na kumwagilia, dhaifu, na hapo ndipo fedha ya mnunuzi inapopotea.

Muuzaji akisema mmea unastahimili ukame, anakupa nusu ya habari. Tanga si Dodoma. Mvua ya hapa kwa mwaka inapita milimita elfu moja, ila inakuja kwa mafungu: masika kuanzia Machi hadi Mei, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na baada ya vuli kinakuja kiangazi cha Januari na Februari, kaskazi inavuma na tuta la ukutani linageuka kikaango. Kwa hiyo mmea wa tuta la Tanga una mitihani miwili, kiu ya Februari na tope la Mei. Mimea mingi ya jangwani inafaulu ule wa kwanza na kufeli wa pili. Vidungusi vya mviringo vinavyouzwa kwenye vikopo ni mfano mzuri: vinapita kiangazi bila shida, kisha masika inaviozesha shingoni. Hivyo viache kibarazani, penye paa.

Jambo ambalo muuzaji hakuulizi, na angepaswa kukuuliza, ni ukuta wako unatazama wapi. Tanga ipo karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri huegemea kusini, kwa hiyo wakati wa kiangazi kikali tuta linaloumia ni lile lililo upande wa kusini wa ukuta, na lile la magharibi linalopigwa na jua la alasiri. Tuta la upande wa kaskazini linapata nafuu miezi hiyo, na zamu yake ya jua ni katikati ya mwaka, kipindi ambacho hewa imepoa kidogo. Ukishajua hilo, nusu ya uchaguzi wa miche umekwisha kabla hujatoka nyumbani. Mimea migumu kabisa, kama mkonge wa mapambo, waridi la jangwani na taji la miiba, inakwenda kusini na magharibi. Vinka, lantana na mrehani vinatosha mashariki na kaskazini.

Halafu kuna udongo. Sehemu kubwa ya mji na viunga vyake imekaa juu ya chokaa na matumbawe. Mapango ya Amboni yamechongwa na maji ndani ya mwamba wa chokaa, na saruji ya Tanga inatokana na chokaa ya Pongwe. Ukichimba Raskazone, mtaa wa ufukweni mwa mji, jembe linagonga jiwe mapema na itabidi utafute mtaimbo. Udongo wa namna hiyo una uchungu wa chokaa, yaani alkali nyingi, na tuta la ukutani linazidishiwa na kifusi: mafundi wakimaliza kupiga plasta, mabaki ya saruji huachwa palepale chini ya ukuta na kufunikwa na udongo kidogo. Chuma kipo kwenye udongo huo, lakini chokaa inakifunga na mizizi ya baadhi ya mimea haiwezi kukichukua.

Mmea unaoonyesha hilo haraka kuliko yote ni iksora, ule wenye vishada vyekundu unaopendwa sana vitaluni kwa sababu unachanua ukiwa mdogo. Kwenye kiriba chenye udongo mwekundu wa kutoka upande wa Muheza unang'aa. Ukiupanda chini ya ukuta wa Tanga, majani machanga yanageuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani, kisha yanakuwa meupe na kuungua pembeni. Watu humwaga maji na mbolea zaidi. Haisaidii, kwa sababu chuma hakijakosekana, kimefungwa. Siki na ndimu hupunguza uchungu kwa siku chache tu, kwani chokaa chini haiishi. Dawa ya chuma ya kilato, yaani chuma kilichotengenezwa kisifungwe na chokaa, inafanya kazi, ila utainunua kila msimu. Iksora ipande kwenye chungu kikubwa, au usiinunue. Gadenia ni hivyohivyo.

Ya kununua bila kusita ni bugenvilia. Hakuna mmea vitaluni Tanga unaorudisha thamani ya fedha kama huu, kwa sababu kiu kidogo ndicho kinachouchanua. Ukiumwagia kila siku unapata majani na miiba mirefu, maua hakuna. Ukiukausha mpaka majani yaanze kulegea kidogo kisha ukaupa maji mengi mara moja, unapasuka rangi. Shida yake ipo kwenye mizizi: ni myembamba na inakatika kwa urahisi. Wanunuzi wengi huua bugenvilia siku ya kupanda, kwa kushika shina na kuuvuta kutoka kwenye kiriba. Fanya hivi: kata kitako cha kiriba kwa wembe, uweke mche shimoni ukiwa bado ndani ya plastiki, jaza udongo hadi nusu, ndipo upasue plastiki kwa pembeni toka juu hadi chini na kuivuta taratibu. Donge lisitikisike. Nafasi ni mita 1.5 hadi 2 kati ya mche na mche kwa uzio, na angalau nusu mita kutoka ukutani ili upate pa kupita ukipogoa. Pogoa baada ya mkupuo wa maua kuisha, si kabla, kwani maua yajayo yanatoka kwenye matawi mapya.

Bugenvilia ya rangi mbili au tatu kwenye shina moja mara nyingi imebebeshwa, yaani vikonyo vya mimea mingine vimeunganishwa kwenye shina lake, na bei yake iko juu kwa sababu hiyo. Si ulaghai, ila angalia kovu la kubebesha. Machipukizi yote yanayotoka chini ya kovu hilo yakatwe kila yanapoonekana, la sivyo baada ya muda unabaki na rangi moja tu, ile ya shina mama. Jambo la mwisho kuhusu bugenvilia, na kwa Tanga si dogo: mbuzi wanaipenda. Kama nyumba haina geti na mtaa wako una mbuzi wa kuzurura, mche mdogo utaliwa hadi kijiti. Uzungushie miiba ya mchongoma miezi ya mwanzo.

Waridi la jangwani, ambalo vitaluni huitwa pia deseti rozi au adeniamu, ni mmea wa Afrika Mashariki na nchi za jirani zake kavu, hivyo jua halimpi taabu. Shina lake nene la chini ni ghala la maji. Hapa ndipo pa kutumia vidole kabla ya pochi: bonyeza shina hilo pande zote hadi usawa wa udongo. Likiwa gumu, zuri. Likibonyea kama nyanya mbivu, limeoza ndani, hata kama juu kuna maua kumi. Uliza pia kama limetokana na mbegu au kipandikizi. La mbegu linafanya tumbo. La kipandikizi linachanua mapema na rangi yake inajulikana, lakini mara nyingi halinenepi vizuri. Muuzaji akikuuzia kipandikizi kwa bei ya lenye tumbo, anakupunja.

Adeniamu hufa Tanga kwa sababu moja, maji yaliyotuama Aprili na Mei. Usilipande shimoni. Jenga kichuguu cha sentimita 20 hadi 30 kwa mchanganyiko wa ndoo mbili za mchanga mkavu wa mtoni wenye chembe kubwa, ndoo moja ya udongo wa juu, na nusu ndoo ya samadi iliyooza kabisa. Mchanga wa ufukweni usitumie, una chumvi na chembe za kombe, yaani chokaa juu ya chokaa. Tumbo la mmea likae juu ya udongo, mizizi tu ndiyo ifukiwe. Miezi ya baridi ya katikati ya mwaka linapukutisha majani, na wengi hulidhania limekufa wakaling'oa au, mbaya zaidi, wakalizamisha kwa maji. Likwaruze kidogo kwa ukucha: chini ya ganda pakiwa kijani, liache. Utomvu wake ni sumu, ulitumika kupaka mishale, kwa hiyo ukikata tawi nawa mikono kabla ya kugusa macho au chakula.

Mkonge wa mapambo, wenye majani ya kijani na pembe za njano au nyeupe, haustahili maneno mengi. Haufi. Mkoa huu unajulikana kwa nduguye wa shambani, aliyeletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida na kukuta udongo wa chokaa unamfaa vizuri tu. Onyo ni la nafasi: kichipukizi cha sentimita 25 kinachoonekana kizuri kando ya njia kinaweza kufika upana wa mita moja na nusu au zaidi, na ncha zake zinafika usawa wa macho ya mtoto. Mita mbili kutoka njiani, au usipande. Na usilipie bei ya juu, maana kila mmea mkubwa unatoa vichipukizi kando yake bila kuombwa. Jirani mwenye nao atakugawia.

Mshubiri ni mzuri kwa sharti lilelile la kichuguu. Ukipanda mingi, sentimita 45 hadi 60 kati ya mmoja na mwingine. Sansevieria, yenye majani marefu ya upanga, tunaipendekeza mahali ambapo kila kitu kingine kimeshindikana: chini ya upenu, pasipofika mvua wala keni. Kwenye jua kali la kusini majani yake yanafifia na kuwa ya manjano, haifi lakini inapoteza uzuri, kwa hiyo ipe kivuli cha nusu siku. Taji la miiba linachanua karibu mwaka mzima na halina masharti, isipokuwa utomvu wake unawasha. Kipandikizi chake kikikatwa kiachwe kivulini siku kadhaa jeraha likauke, ndipo kipandwe. Ukikipanda kibichi kinaoza.

Vinka, ya maua meupe na ya waridi, asili yake Madagaska, ndiyo rahisi kuliko yote ya kujaza nafasi. Panda sentimita 30 mbalimbali. Inajipanda yenyewe kwa mbegu kwenye nyufa za pevingi, kwa hiyo nunua michache. Masika ikizidi, mashina yanakuwa meusi usawa wa ardhi na mche unalala chini: huo ni ukungu wa maji, hauna tiba ya bustanini. Ng'oa, usiweke kingine cha vinka hapohapo, na mwaga maji chini, si juu ya majani. Lantana inayotambaa ni nzuri kwa kumwagikia ukingoni mwa tuta, lakini ile ya kusimama wima yenye maua ya njano na mekundu iogope. Ndege wanabeba mbegu zake, na umekuwa gugu sugu katika sehemu nyingi za nchi, Usambara ikiwemo.

Asumini nayo? Kila mwanamke wa Tanga atauliza, na ana haki. Si mmea wa ukame, tusidanganyane. Lakini ukiupanda panapomwagika maji ya udhu au ya kusuuzia nguo utavumilia jua. Maji ya kusuuzia, si yale ya mwanzo yenye povu la sabuni. Sabuni ya unga ina sodiamu, na sodiamu inaziba udongo na kuunguza ncha za majani.

Sasa ya kuepuka. Duranta ya dhahabu inauzwa kila kitalu kwa ajili ya uzio mfupi. Kwenye ukuta wa magharibi inahitaji maji mara nyingi hivi kwamba utaishia kuwa mtumwa wake, na ikikosa, majani yanababuka. Begonia na feni, yaani kangaga za mapambo, zinazoshushwa kutoka Lushoto, mji ulio zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, ndizo hasa waja leo waondoka leo: zinapendeza wikiendi ya kwanza. Jambo la kuchekesha ni kwamba ua la Tanga lililotamba kuliko yote duniani, lile la zambarau linaloitwa Saintpaulia na linalokaa madirishani kwa mamilioni ya watu Ulaya na Marekani, lilitoka huku huku, likapelekwa Ujerumani na afisa wa kikoloni wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, mwaka 1892. Na kwenye tuta la jua halikai hata siku mbili. Ni ua la kivuli cha msitu na mwamba wenye unyevu.

Mtapo, ule unaofanana na mnazi mfupi, unahimili ukame na unaipenda chokaa. Kabla ya kulipa, uliza umetoka wapi. Aina ya mtapo mwitu wa pwani hii imo katika orodha ya juu kabisa ya mkataba wa kimataifa wa CITES, unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, na unakua taratibu mno. Ukiona shina nene, mizizi imekatwa kwa panga na majani yamenyolewa yote, umechimbuliwa porini. Achana nao, na hata ukiupanda, mizizi iliyokatwa hivyo mara nyingi haichipui.

Ukishajua unachotaka, swali la kwanza kwa muuzaji si bei.

"Shikamoo mzee wangu. Miche hii imeoteshwa kivulini au juani?"

"Marahaba mwanangu. Hii ya mbele ni ya kivulini. Ya juani iko kule nyuma, haina sura."

Nenda kule nyuma. Mche wa juani una majani madogo, mazito, rangi imekoza kidogo, na umbali kati ya jani na jani ni mfupi. Ule wa mbele umerefuka ukitafuta mwanga, majani mapana na laini. Kati ya mche wa sentimita 30 na wa sentimita 80 wa aina moja, chukua mdogo. Ukiwa tutani, mdogo unajenga mizizi haraka na baada ya misimu miwili ya mvua mara nyingi huwa umemfikia mkubwa, na kwa bei ya mkubwa unapata midogo kadhaa.

Kisha inua kiriba utazame kitako. Mizizi michache myeupe ikichungulia kwenye matundu, vizuri. Ikiwa imetoka na kuingia ardhini, na muuzaji anaing'oa kwa nguvu mbele yako, umekaa kitaluni muda mrefu na sehemu ya mizizi imebaki pale. Ikiwa hakuna mzizi kabisa na donge linacheza ndani ya plastiki, umetiwa kiribani juzi. Geuza majani: unga mweupe kama pamba kwenye makwapa ni vidung'ata, utando mwembamba na vidoa vya njano ni utitiri, na utitiri ndio unaopenda kiangazi. Angalia pia uso wa udongo wa kiriba. Vijani vyembamba vya kijani kilichokolea vyenye umbo la pembetatu kwenye shina ni ndago. Usilete ndago nyumbani kwako hata kama mche ni wa bure. Punje yake moja ikiachwa ardhini unapalilia mpaka uchoke.

Baada ya kununua, usipande siku hiyo. Weka miche mahali penye jua la asubuhi tu kwa siku nne au tano, ongeza hadi saa sita mchana kwa siku nyingine kama hizo, kisha jua la kutwa, jumla ya wiki mbili. Maji toka kila siku yaende kila siku ya pili. Majani machache yatadondoka, na hilo si kosa. Wakati wa kupanda ni mvua za kwanza za masika zikishalowesha ardhi, au mwanzoni mwa vuli. Aina za kichuguu, yaani adeniamu na mshubiri, zisubiri hadi Juni masika yakishapita.

Shimo la vichaka liwe sentimita 40 kwa 40, na kwenye matumbawe tumia mtaimbo hata kama fundi analalamika. Toa kifusi chote cha saruji. Mwaga maji ndoo moja ya lita 20: yakiwa bado yametuama baada ya saa moja, ongeza kina au panda juu kwa kuinua tuta. Rudishia udongo wa juu ndoo tatu kwa ndoo moja ya samadi. Samadi iwe haina harufu na haina joto ukiifumbata mkononi. Ile mbichi inachoma mizizi. Mabaki ya mkonge kutoka viwandani yanapatikana kwa wingi mkoani, kwani nyuzi ni sehemu ndogo sana ya uzito wa jani, lakini yakiwa mabichi ni makali na yanachacha. Yalundike miezi mingi yaoze yawe meusi kabla ya kuyatumia. Yuria usiweke kabisa. Inaleta majani laini ambayo utitiri unayasubiri.

Maji ndiyo yanayoharibiwa zaidi kwa ushauri wa vitaluni. "Nyunyizia kila siku" ni agizo la mche wa kiribani. Kwenye tuta, maji kidogo ya kila siku yanalowesha sentimita mbili tatu za juu, mizizi inabaki hapohapo, na bomba likikauka siku mbili mmea unakufa. Kwa kichaka kimoja kilichopandwa bila mvua, wiki mbili za mwanzo lita 5 kila siku ya pili; toka wiki ya tatu hadi ya sita lita 10 mara mbili kwa wiki; baada ya hapo lita 15 hadi 20 mara moja kwa wiki, ukiyamimina taratibu ndani ya beseni la udongo ulilolizungushia shina. Kabla ya kumwaga, choma kijiti sentimita 15 chini. Kikitoka na udongo umeshika, subiri. Chupa ya lita 1.5 iliyotobolewa matundu mawili kwa sindano ya moto na kufukiwa kando ya mizizi inasaidia kwa bugenvilia na vinka. Kwa adeniamu na mshubiri usiiweke.

Maji ya kisima cha karibu na bahari yana chumvi. Utaiona kama ukoko mweupe ukingoni mwa tuta na ncha za majani zilizoungua. Bugenvilia, mkonge na sansevieria zinastahimili, ilimradi ukimwaga umwage mengi yashuke chini, si kidogokidogo.

Matandazo ya makumbi ya nazi yaliyopondwa, unene wa sentimita 5 hadi 7, yanapunguza kiu sana. Yaloweke kwanza siku mbili na kumwaga maji yale, yana chumvi. Yasifike kwenye shina, acha sentimita 10, la sivyo mchwa wanapanda. Kwenye vichuguu vya adeniamu tumia kokoto nyeusi au za mtoni. Kokoto nyeupe za chokaa, ambazo vitalu vingi vinauza kama pambo, zinarudishia jani joto kutoka chini na kuongeza chokaa pasipohitajika.

Kuhusu huduma yenyewe: usafirishaji kwa guta ni mzuri, ila omba miche ilazwe na kufunikwa kwa gunia bichi, kwani upepo wa njiani unaikausha zaidi ya jua. Udhamini wa mche uliokufa hauuzwi popote, usiutafute. Bei inapungua ukinunua mwishoni mwa kiangazi, Februari, biashara ikiwa imelala, na hapo ndipo pa kufanya mapatano bora kuliko punguzo: lipa nusu, chagua miche yako, itie alama ya uzi, na mwombe mwenye kitalu aitoe chini ya neti aiache juani wiki mbili akiimwagia kila siku ya pili. Wengi wanakubali, maana nafasi ya kivulini inawafaa kwa miche mingine. Unamalizia malipo na kuichukua mvua za Machi zikianza.